Kiti cha Mbele kwenye Sakafu ya Mahindi

Siku mji ulipoamua kwamba binti wa fundi cherehani amefeli mtihani aliokwisha kuufaulu, jua lilikuwa zuri na kila mtu alikuwa na nia njema. Hakuna aliyemwonea wivu msichana yule. Hakuna aliyemchukia. Walimpenda mno, na balaa lilianzia hapo.

Alikuwa mrefu. Mji mzima ulimwita Mlingoti, na yeye aliitika, maana kuna majina mabaya zaidi ambayo msichana mrefu huitwa. Tangu aanze kuchezea timu ya kikapu ya shule ya sekondari, wakulima waliokuwa hawajui kikapu zaidi ya kile cha kubebea nyanya sasa walibishana juu ya mitupo huru huku wakikamua ng'ombe. Uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, mali ya chama cha wakulima. Wiki ile ya fainali mahindi hayakuanikwa. Yalikaa kwenye magunia, yakaanza kuota ukungu kwa utulivu, na wenye magunia wakasema mji lazima uwe na vipaumbele.

Fainali ilikuwa ichezwe mwezi uliopita. Mvua ikakata barabara, mechi ikaahirishwa, na katikati ya kuahirishwa huko matokeo ya kidato cha mwisho yakatoka. Mlingoti alikuwa amefaulu. Chuo cha mifugo kilikuwa kimemwita. Aripoti Jumatatu na cheti chake cha kumaliza shule. Habari njema, isipokuwa kwa jambo moja: aliyemaliza shule si mwanafunzi tena, na asiye mwanafunzi hachezi fainali ya Jumamosi.

Mkuu wa shule hakulala usingizi siku mbili. Ya tatu alipata jibu.

*

Jibu hilo lilifika nyumbani kwa Fundi alasiri ya Jumatano, limekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati la mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa trekta la chama. Alikuja amebeba pia kilo mbili za nyama, nyama tupu, bila mfupa hata mmoja.

"Nyama ya nini?" Fundi aliuliza bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Nyama ya kula, mke wangu. Kuna nyingine unaijua?"

"Naijua ya kulipia."

"Hii imetolewa tu. Muuza nyama anasema mchezaji wetu aongeze damu."

"Muuza nyama yule yule aliyenipimia utumbo na tope lake?"

"Watu hubadilika, mama."

Fundi akasimamisha cherehani. Alimtazama mumewe vizuri. Alikuwa amenyoa ndevu, na ilikuwa Jumatano. "Hiyo mfukoni nayo imetolewa tu?"

Dereva akaitoa karatasi taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Ni jambo dogo. Mkuu kaniita ofisini, kanikalisha, kaniagizia chai. Anasema mtoto arudie mwaka mmoja. Atacheza Jumamosi, mwakani atatetea kombe, na alama zake zitapanda. Faida pande zote."

"Zipande ziende wapi? Si amefaulu?"

"Atafaulu zaidi."

"Na chuo?"

"Chuo hakihami. Ng'ombe wapo, wataugua na mwakani pia."

Fundi akanyoosha mkono. Dereva akampa karatasi, akaanza ghafla kuvutiwa na mlango uliolegea bawaba. Ilikuwa nakala ya fomu ya kurudia darasa. Chini kabisa ilikuwepo sahihi ya mumewe, kubwa na ya kujivunia, na mkia mrefu. Mtu aliyesaini vile hakuwa amelazimishwa na yeyote. Fundi alisoma kutoka juu. Alipofika mstari wa tatu alirudi nyuma, akausoma tena, kisha akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya droo ya vifungo.

"Nyama umeshaipokea," alisema. "Irudishe au uipike mwenyewe. Mimi nina sare kumi na mbili za timu yenu za kumaliza."

Dereva aliipika mwenyewe. Iliungua.

*

Alhamisi asubuhi Fundi alivaa gauni lake la heshima, akaenda shuleni. Karani alimkalisha kwenye benchi la korido, lile la watoto watoro, akamwambia Mkuu ana kikao. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mkuu alikuwa na kikao na kipande cha muhogo.

Alipoitwa ndani, alimkuta Mkuu amesimama karibu na kabati la vioo lililojengwa kwa ajili ya vikombe. Ndani yake kulikuwa na birika la umeme na nafasi kubwa ya matumaini.

"Karibu, Mama Mlingoti! Sare zinaendaje?"

"Zinakwenda. Mwalimu, nimekuja kuchukua cheti cha mwanangu."

Mkuu akacheka kwa upole, kama mtu aliyeombwa mwezi na mtoto. "Mama, mwanafunzi anayeendelea na shule hapewi cheti cha kumaliza. Nitakitoa vipi? Baba yake ameshaandika."

"Ameandika nini?"

"Ah, hizi fomu zina lugha ya ofisini. Ngoja nikusomee." Akaichukua fomu kwenye faili, akavaa miwani, akaanza kusoma polepole sana, akiweka kidole chini ya kila neno ili mama mshonaji asipotee. "Mimi... mzazi... wa mwanafunzi... aliyetajwa hapo juu... naomba... arudie... kidato cha mwisho... Ni hivyo tu. Na sahihi."

"Umeruka mstari, Mwalimu."

"Wapi?"

"Wa tatu. Pale penye 'sababu'."

Mkuu akaitazama karatasi kana kwamba mstari huo umechomoza sasa hivi. Fundi akamsaidia, bila kutazama: "Sababu: mwanafunzi hakufikia kiwango cha kufaulu na hana uwezo wa kuendelea na masomo ya juu. Na muhuri wako uko juu yake, umeugonga sawasawa."

Nje, Karani aliacha kupiga chapa.

"Ni utaratibu, mama," Mkuu akasema, sauti imepungua sukari. "Bila sababu hiyo mfumo haumkubali kurudia."

"Kwa hiyo mfumo utamkumbuka kama aliyefeli. Chuo kikiuliza mwakani kitajibiwa hivyo."

"Nani atauliza? Mama, nisikilize. Mji huu haujawahi kushinda kitu. Hata shindano la ng'ombe tulikuwa wa nne, na waliingia ng'ombe wanne. Sasa Mungu katuletea mtoto wa futi sita, wewe unataka kumpeleka akapime ndama joto kwa nyuma? Huu si mkono wako peke yako. Ni mkono wa jamii."

"Huo mkono wa jamii ulinipasua mimi siku ya kumzaa, Mwalimu. Sikumbuki kuiona jamii chumbani."

Mkuu akafunga faili. Akasema kilichosainiwa na baba hufutwa na baba, na kwamba anamheshimu sana Dereva, mtu anayeelewa mambo. Kisha akamtakia kazi njema na akamkumbusha kwamba namba za mgongoni zishonwe mara mbili. Mwaka jana namba tano ilidondoka, ikabaki uwanjani.

*

Jioni, kabla jua halijazama, walikaa watatu kibarazani. Fundi alikuwa anashona namba kwa mkono. Mlingoti alikuwa amerudi kutoka kwa jirani, mkono wa kulia unanuka sabuni ya kipande hadi begani: ng'ombe wa jirani alikuwa amekwama kuzaa, na mkono ule mrefu ulimgeuza ndama ndani kwa ndani. Hakuna aliyepiga makofi. Ng'ombe hawana desturi hiyo.

"Soma mstari wa tatu," Fundi akamwambia mumewe, akimpa karatasi. "Kwa sauti."

"Nimeshausoma."

"Lini? Kabla ya chai au baada?"

Dereva aliigeuza karatasi upande usioandikwa. Alikuwa ameusoma kabla. Alijua, na mkewe akajua kwamba alijua, na ilimuuma zaidi kuliko kama angekuwa ameusaini kwa ujinga.

"Ni karatasi tu," akasema hatimaye. "Sisi tunajua alifaulu. Wewe unajua, mimi najua."

"Na kuku wanajua. Chuo je?"

"Unataka nifanye nini, mke wangu? Miaka ishirini na moja naendesha trekta la chama. Wananijua kwa moshi. Nikipita wanafunga madirisha. Sasa nikienda kwenye mechi kuna kiti, kina mgongo, kipo mbele, karibu na Mkuu na daktari wa mifugo. Mwenyekiti wa chama ananiuliza, 'Mzee, unaionaje timu?' Ananiuliza mimi. Unajua mara ya mwisho aliniuliza nini? Aliniuliza dizeli imeenda wapi."

Fundi aliuma uzi kwa meno. Alikuwa na jibu kali tayari, lakini lilipofika mdomoni alimwona mumewe ameinamia viatu vyake vilivyopigwa rangi, akalimeza.

"Baba," Mlingoti akasema. "Mkuu alianza kuniuliza mimi. Jumatatu."

Wote wawili wakamgeukia.

"Nikamwambia sitaki. Napenda kikapu, lakini nataka kwenda chuo. Akasema basi nifikirie. Mazoezi ya Jumanne nikakuona umekaa kwenye kile kiti. Umekunja nne. Unacheka." Akajikuna kiwiko. "Nikarudi kumwambia, baba akikubali na mimi nakubali. Nilisema mwaka mmoja si mwingi."

Dereva aliiweka karatasi chini. "Mkuu aliniambia wewe ndiye unayetaka," alisema. "Alisema unaona haya kuniomba."

"Haya!" Fundi akasema. "Mtoto kakusainia wewe, wewe ukamsainia yeye, na Mkuu kawasainisha wote wawili. Familia yenye mapenzi kama hii sijaona."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilistahili.

*

Ijumaa Dereva aliliacha trekta linanguruma nje ya shule, akaingia ofisini kufuta sahihi yake. Alikaa humo nusu saa. Alitoka ameshikwa mabega, amepewa mikono miwili, ameahidiwa kwamba "hilo tutalizungumza vizuri baada ya mechi, mzee wangu," na kichwani amevaa kofia mpya yenye nembo ya shule.

"Ulikwenda kuchukua cheti," Fundi akasema alipomwona, "umerudi na kofia."

"Alinivalisha. Sikuona wakati wa kukataa."

"Kesho ataipeleka orodha ya wachezaji kwa chama cha kikapu. Ikishapokelewa na mechi ikaanza, mtoto ni mwanafunzi wa mwaka mzima."

"Najua."

"Basi lala nayo hiyo kofia."

*

Jumamosi watu walianza kufika sakafuni kabla ya saa saba. Waliofika mapema walifagia punje za mahindi zilizobaki, maana mwaka jana mlinzi wa timu aliteleza juu ya punje, na mji ulifanya kumbukumbu ya tukio hilo. Kamba ilifungwa kuzunguka uwanja. Mbele ya kamba vilipangwa viti tisa vya wakubwa. Cha tatu kutoka kushoto kilikuwa cha Dereva.

Katibu wa chama cha kikapu, mama mfupi mwenye miwani na mkoba uliojaa kanuni, alikaa mezani na kuzipokea orodha mbili. Wageni walikuwa wasichana kumi wenye viatu vinavyofanana. Wenyeji walitoka wamevaa sare za Fundi, mpya, namba zimeshonwa mara mbili, na kelele zilizopanda zilitisha mbuzi hadi upande wa pili wa barabara. Mlingoti alitoka wa mwisho. Hakumtazama baba yake. Aliogopa akimwona anacheka atacheza vizuri na kusahau chuo.

Mkuu akachukua kipaza sauti. Alishukuru viongozi, akashukuru mvua kwa kukoma, akasema mafanikio ni nidhamu. "Na sasa namwomba mzazi wa mfano, baba aliyeweka jamii mbele, atusalimie kidogo tu. Mzee, karibu!"

Hilo lilikuwa kosa. Mtu yeyote aliyewahi kuongea na Dereva wa trekta asingempa kipaza sauti.

Dereva alisimama. Alikuwa na kofia. Alikishika kipaza sauti mbali na mdomo kama anavyoshika panya aliyekufa.

"Hamjambo!"

Kipaza sauti kikalia. Watoto wakaziba masikio. Watu wakaitika kwa furaha.

"Mimi si mtu wa hotuba," alisema, na kwa miaka ishirini na moja ya kushindana na injini, hakukuwa na mtu hadi mtoni ambaye hakumsikia. "Nilisaini karatasi. Karatasi inasema mwanangu alifeli, hana uwezo. Nilisaini nikiwa na akili zangu, hakuna aliyenishika mkono. Nilikunywa chai tu. Mwanangu hakufeli. Alifaulu. Amemaliza shule. Ile karatasi ni uongo, na nusu ya uongo ni wangu. Nataka ifutwe, na nataka cheti chake. Basi. Naomba mwendelee vizuri na mchezo."

Kisha akakaa. Akagundua amekaa kwenye kile kiti, akasimama tena haraka.

Halafu muuza nyama akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, umerogwa?"

"Angesubiri hata robo ya kwanza!" mwingine akalia.

"Kilo mbili zangu jamani! Kilo mbili!"

Mkuu alikuwa anatabasamu kwa meno yote, tabasamu la mtu anayetafuta mlango. "Mzee amezidiwa na hisia," aliliambia kundi la wakubwa. Lakini Katibu alikuwa ameshavua kofia ya kalamu.

"Msichana amehitimu au hajahitimu?" akauliza.

"Ni suala la kiutawala, mheshimiwa."

"Nimeuliza jambo lenye majibu mawili."

Aliyejibu hakuwa Mkuu. Karani wa shule alikuwa amesimama kwenye kamba, mwanamke ambaye miaka yote alikuwa akipiga chapa alichoambiwa. "Amehitimu," alisema. "Cheti kiko kwenye kabati, nyuma ya birika. Funguo ninazo mimi." Akaondoka kukifuata kabla ya kuambiwa aende au asiende.

Katibu alikisoma kile cheti pande zote mbili. Akachora mstari mmoja kwenye orodha. Akampa Dereva cheti kwa mkono wa kulia, na Dereva akakipokea bila kujua akishike wapi, maana mikono yake haikuwahi kuwa safi kiasi cha kushika karatasi kama ile.

Mlingoti akatoka uwanjani. Hakukimbia. Kocha alimgusa bega. Nafasi yake akaingia msichana mfupi wa kidato cha pili aliyeitwa Kizibo, ambaye kwa mwaka mzima kazi yake ilikuwa kushika chupa za maji, na ambaye sasa alionekana kutaka kuzaliwa mahali pengine.

Walipigwa. Sitaficha hilo wala kulipamba. Robo ya pili ilipoisha wageni walikuwa na pointi ishirini na tisa, wenyeji nne. Watu walisimama mbali na familia ile ya watu watatu nje ya kamba, mbali kwa adabu, kama wanavyosimama mbali na mtu anayekohoa. Mwanamke mmoja aliyempelekea Fundi nguo ya kupunguza alimwambia kwamba, sasa akifikiria, ile nguo ilimtosha tu.

"Unajuta?" Dereva akamuuliza bintiye, bila kumtazama.

"Tungewafunga, baba."

"Najua."

"Nilikuwa nimemsoma yule namba nane. Anadunda mkono mmoja tu." Alijifuta uso kwa sare. Kisha akaita kwa nguvu juu ya kamba: "Kizibo! Mkono wa kushoto hana! Msukume kushoto!"

Kizibo alimsukuma kushoto. Mpira ukatoka, ukamfikia mwenyewe, akautupa kwa macho yaliyofumbwa, ukaingia. Katika mji mzima walioshangilia walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa na sauti ya trekta.

*

Hawakungoja filimbi ya mwisho. Chuo kilitaka nakala mbili za cheti, na mashine ya kurudufu mjini ilikuwa moja, ya mwenye duka la vifaa vya shule. Fundi alipiga hesabu kwamba ni afadhali wamkute kabla ya mechi kwisha kuliko baada.

Walimkuta ameshafungua. Alikuwa ameondoka uwanjani wakati wa mapumziko, hakuvumilia. Skafu ya timu ilikuwa bado shingoni. Aliwatazama wakiingia, mmoja mmoja, na Mlingoti akainama mlangoni.

"Nakala mbili," Fundi akasema.

Mwenye duka hakuwasalimia. Alichukua cheti kwa ncha za vidole, akakilaza juu ya kioo, akafunga kifuniko. Mashine ikawaka, ikavuta pumzi, ikatoa karatasi ya kwanza. Akaishika juu kuona kama wino umeshika. Akaanza kuangalia herufi, halafu akaanza kuzisoma. Akatoa miwani mfukoni. Akasoma masomo yote, moja baada ya jingine, na alama zake, mdomo unacheza taratibu. Alikuwa ameona mechi zote za msichana yule, alijua idadi ya vikapu vyake kwa mwaka, na hakuwahi kusikia kama anajua kuhesabu.

"Kemia hii ni yako?" akauliza.

"Ni yangu."

"Na Biolojia?"

"Na Biolojia."

Akaiweka chini karatasi, akaitoa ya pili, akaipanga sawasawa juu ya ya kwanza. Akazitia ndani ya bahasha bila kuombwa. Akamkabidhi Mlingoti mwenyewe, si mama, si baba. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mungu wangu," akasema kwa uchungu wa kweli. "Na kuruka anaruka vile!"